Porini na Watoto kwa Mara ya Kwanza: Pa Kubana Matumizi na Pa Kutobana

Wazazi wengi wanaoniuliza kuhusu safari ya kwanza ya porini huja na maswali mawili, na huyauliza kana kwamba moja ni adui wa jingine: itatugharimu kiasi gani, na je, watoto watakuwa salama? Wanaamini kwamba anayetaka usalama sharti atoboe mfuko, na anayetaka nafuu sharti akubali kubahatisha. Mimi naamini kinyume chake. Karibu kila uamuzi unaoshusha gharama ya safari ndio huo huo unaoiongezea usalama: kwenda karibu badala ya mbali, kulala sehemu moja siku mbili badala ya kuhamahama na mabegi, kutembea kwa miguu badala ya kukodi gari la kutwa, kusafiri mchana, kupanda nusu ya mlima na kurudi mapema. Mambo ambayo mzazi asiyabanie senti ni matatu: chombo cha usafiri, mwongozaji na viatu. Nitaeleza kwa nini, kwa kutumia milima ya Uluguru na Udzungwa, ambayo familia ya Dar es Salaam au Dodoma inaifikia bila kujitutumua, pamoja na matukio mawili ya Kenya ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua.

Nianze na kuchagua mahali, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika hata kabla nauli haijalipwa. Ukitaja utalii, akili ya Mtanzania hukimbilia Serengeti na Kilimanjaro. Serengeti ni hifadhi ya gari, na gari ndilo linalokula pesa: kulikodi, mafuta, dereva, na ada ya gari lenyewe getini. Mtoto wa miaka 6 aliyekalishwa kitini tangu alfajiri akisubiri chui aonekane atakuwa amelala chui atakapopita. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, si mlima wa kuanzia, ingawa matembezi ya siku moja kutoka geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara, kwenye mita 2,720, ni mazuri sana kwa mtoto aliyekwisha kuzoea kutembea. Familia inayoanza itafute mahali inapopafikia mchana bila kukimbizana, penye njia fupi na njia ndefu zinazoanzia sehemu moja, penye wenyeji waliozoea kuongoza wageni, na ambako hospitali inafikika kwa gari ndani ya muda mfupi. Mandhari ya kupigia picha yaje baada ya hayo.

Kabla ya hata kukata tiketi, fanyeni majaribio nyumbani. Wakazi wa Dar es Salaam wana msitu wa Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe, hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nendeni Jumamosi mbili tatu. Huko ndiko utakapojua kiatu cha nani kinabana, nani hushikwa na njaa saa nne asubuhi, nani anaogopa wadudu kiasi cha kukataa kukanyaga majani, na kama babu ambaye kila mtu alidhani ataachwa nyumbani ndiye anayetembea vizuri kuliko wote. Mtoto mchanga apandishwe mgongoni kwa mbeleko; hakuna kibebeo cha dukani kilichojaribiwa na akina mama wengi kuliko hicho. Lakini anayembeba atazame njia tu, asibebe kingine chochote, na kwenye mteremko apewe mkono.

Baada ya Pugu, nendeni Morogoro. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam Juni 2024, mwendo ambao kwa basi ungeweza kuliwa wote na foleni ya kutokea mjini umekuwa wa chini ya saa mbili. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa watoto wa miaka 4 hadi 12. Baba, mama na watoto wawili walifika Morogoro kwa shilingi 39,000. Hakuna gari la kukodi linaloikaribia bei hiyo, na hakuna barabara yetu inayoishinda reli kwa usalama. Nafuu na usalama hapo vimepanda behewa moja.

Ukifika mjini unaiona Uluguru imesimama nyuma ya nyumba za watu. Njia ya Morningside, inayoishia kwenye jengo la zamani la enzi za Wajerumani, hupita katikati ya mashamba ya Waluguru, migomba na matuta ya mboga, na muda wote mtapishana na akina mama wanaoshuka na mizigo kichwani kwenda sokoni. Wasalimieni, na wapisheni upande wa mlima, kwa sababu aliyebeba ndiye mwenye njia. Mtoto wa mjini akimwona mama wa makamo anashuka mteremko ule na tenga la mboga, bila kushika popote, huku akiitikia shikamoo yake, hulalamika kidogo sana kuhusu begi lake lenye chupa ya maji na koti la mvua.

Hapa ndipo pa kujifunza hesabu moja itakayowafaa kila mlima. Mskoti William Naismith aliweka mwaka 1892 kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Mji wa Morogoro uko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Morningside karibu mita 1,300. Hizo mita 800 za kupanda peke yake zinaongeza saa 1 na dakika 20 juu ya muda wa umbali. Lakini Naismith alimhesabia mtu mzima, mwenye afya, kwenye baridi ya Uskoti. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 10, chukua jibu ulizidishe mara mbili, kwa sababu mtoto hatembei kama sisi: anakimbia, anasimama kumtazama jongoo, anarudi nyuma kumwonyesha mdogo wake, anakaa chini, anataka kujisaidia. Usimharakishe. Huo ndio utalii wake, na ndio hasa mliousafiria. Hesabu ikikupa saa tatu, andika sita. Na kama sita haziingii kati ya chai ya asubuhi na saa tisa alasiri, fupisha njia.

Saa tisa naitaja kwa makusudi. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza likianza kuingia haliongei na mtu. Ndani ya msitu mnene linatangulia. Kwa hiyo amueni saa ya kugeuka kabla hamjainua mguu. Saa saba mchana ni nzuri. Itangazeni mbele ya watoto wote, na ikifika mgeuke hata kama kilele kinaonekana pale. Mkabidhi mtoto mkubwa kazi ya kuitunza saa hiyo: atakuwa mkali kuliko mwongozaji. Watu wengi wanaoumia mlimani huumia wakati wa kushuka, miguu imechoka, mwanga umepungua, na mzazi anasema twende haraka.

Familia ikishaizoea Morogoro, nendeni Udzungwa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na haina barabara za magari ndani: kila mtu, awe mkulima wa Ifakara au profesa kutoka ng'ambo, anaiona kwa miguu. Kwa sababu hiyo naiona kuwa hifadhi inayomfaa mwananchi wa kawaida kuliko zote. Hulipii gari, hulipii mafuta ya kuzunguka, na watoto hawajifungi kitini. Makao makuu yapo Mang'ula, kando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Basi huondoka kituo cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, na njiani barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, ambako twiga, pundamilia, na siku nyingine tembo, huonekana dirishani bila ada yoyote. Watoto wakae upande wa dirisha kipande hicho.

Udzungwa ina njia kwa kila pumzi. Karibu na makao makuu kuna maporomoko madogo ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyehudhuria uzinduzi wa hifadhi. Mtoto wa miaka 4 hufika kwa miguu yake na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Kuna njia ya Sanje, inayochukua kama saa nne kwa mtu mzima, kwenda kwenye maporomoko yenye urefu wa mita 170 hivi yanayoanguka kwa ngazi, na ukisimama juu unayaona mashamba ya miwa ya Kilombero yametandazwa bondeni hadi macho yachoke. Kuna pia njia ya kilele cha Mwanihana, ya siku tatu na kulala porini, ambayo kwa mwaka huu isahauni. Njiani mnaweza kukutana na mbega wekundu ambao hawapatikani kokote duniani isipokuwa milima hii na bonde la Kilombero lililo chini yake, na mangabe wa Sanje, nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Waambieni watoto jambo hilo mkiwa mmesimama chini ya mti wenyewe: kuna mnyama hapa ambaye bibi yenu alizaliwa kabla kitabu chochote hakijamtaja. Watatazama juu kwa muda mrefu.

Kwa raia wa Tanzania ada za hifadhi hulipwa kwa shilingi na ni ndogo mno ukilinganisha na za wageni. Watoto hulipa pungufu, na wa chini ya miaka 5 hawalipi. Bebeni vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana bila hivyo mhudumu wa geti hana njia ya kujua. Msitegemee kulipa fedha taslimu. Malipo hufanyika kwa kumbukumbu namba au kadi, hivyo salio liwe kwenye simu au benki kabla hamjaingia eneo lenye mtandao wa kusuasua. Pigeni simu hifadhini wiki moja kabla, mthibitishe ada ya siku hiyo, ada ya mwongozaji, na kama kuna njia iliyofungwa.

Sasa yale matatu yasiyobanwa. La kwanza ni chombo cha usafiri. Mzazi anayeogopa nyoka wa Udzungwa lakini anapanda Noah iliyojazwa watu kumi na wawili saa tano usiku ameelekeza hofu yake pasipo. Hatari kubwa kuliko zote katika safari yenu ni barabara. Chagueni basi la asubuhi, viti vyenye mikanda inayofunga kweli, na ifungwe kwa watoto vilevile. Mabasi ya usiku huokoa pesa ya gesti, lakini pesa hiyo msiiokoe mkiwa na watoto. Dereva akikimbiza, sema. Anza na kondakta kwa upole, na abiria wengine watakuunga mkono, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anasubiri mtu wa kwanza. Ukishuka Mang'ula vijana wa bodaboda watakuzunguka wakitaka kuwapakia watatu watatu. Tafuta bajaji, au tembeeni.

La pili ni mwongozaji. Ndani ya Udzungwa ni lazima, na kwenye njia ndefu hufuatana na askari mwenye silaha kwa sababu ya tembo na nyati. Nje ya hifadhi, kama kule Uluguru au Lushoto, watu wengi humkwepa ili kuokoa elfu chache, hasa kwa kuwa njia inaonekana wazi mwanzoni. Njia ikifika kwenye mashamba hugawanyika kama mishipa ya mkono, na hapo ndipo mnapotambua kwa nini mlipaswa kumlipa. Msikubali anayewafuata stendi. Ulizeni ofisi ya utalii wa kitamaduni ya mahali hapo, kisha zungumzeni na mwongozaji jioni ya kabla ya safari, uso kwa uso. Sikilizeni anachouliza yeye. Mwongozaji mzuri hutaka kujua umri wa watoto, nani ana pumu, nani hajui kuogelea, mmebeba maji kiasi gani. Anayeongea bei tu, hata kama ni mcheshi, mshukuruni na mtafute mwingine. Ulizeni bei ni ya kikundi au ya kila kichwa, kama ada ya msitu na ya kijiji zimo, na mpewe stakabadhi. Msimkandamize bei. Mtu aliyelipwa vizuri hatembei akifikiria kikundi kingine kinachomsubiri saa nane. Wenye mabinti wakubwa waulize kama kuna mwongozaji wa kike. Wapo, na wasichana huuliza mengi zaidi wakiwa naye.

La tatu ni viatu, na hapa kubana hakuna maana ya kununua vipya. Mitumba ya Karume jijini Dar es Salaam au Memorial mjini Moshi ina buti nzuri za mlimani kwa bei ya raba mbovu za dukani. Lakini zipimeni. Buti iliyokaa stoo ya Ulaya miaka mingi huonekana mpya, kumbe sponji kati ya soli na ngozi imekufa. Bonyeza sehemu hiyo kwa kidole gumba, kwa nguvu, kisha ikunje buti kama unaivunja. Ikitoa nyufa nyeupe au unga, iache hata kama inauzwa elfu tano, kwa sababu soli yake itabanduka siku ya kwanza ya matope. Mwagia maji sakafu ya saruji, mwambie mtoto atembee juu yake: akiteleza hapo, atateleza kwenye jiwe la mtoni. Acha nafasi ya kidole kimoja mbele ya vidole vya mguu, vikiwa ndani ya soksi nene, maana wakati wa kushuka mguu wote husukumwa mbele. Kata kucha siku mbili kabla. Yeboyebo na kandambili zibaki kwa matumizi ya bafuni.

Lililobaki lote libanwe bila huruma. Msinunue hema kwa safari ya kwanza. Laleni gesti, chumba kimoja chenye neti isiyotoboka, na mkague neti hiyo jua likiwa bado lipo. Chakula cha njiani ni viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi, chapati zilizokunjwa na sukari kidogo ndani. Biskuti za kifahari huyeyuka na haziwashikilii watoto. Mtu mzima abebe lita mbili za maji mpaka tatu, mtoto lita moja kwenye begi lake na nyingine kwenye la mzazi. Koti la mvua linaweza kuwa mfuko mkubwa wa plastiki mgumu uliotobolewa kichwa na mikono. Tochi na filimbi, moja moja kwa kila mtoto, ni bei ya soda, na fundisheni kwamba aliyepotea hasogei: anakumbatia mti, anapuliza mara tatu, anapumzika, anapuliza tena.

Msimu nao hukupa nafuu na usalama kwa pamoja, na bahati nzuri kalenda ya shule iko upande wenu. Masika, Machi hadi Mei, njia za Udzungwa huwa utelezi mtupu na mito hujaa. Likizo ya Juni huangukia mwanzo wa kipupwe: ardhi imekauka, maporomoko bado yana maji ya kutosha, joto limepungua. Likizo ya Desemba hugongana na mvua za vuli, na gesti hupanda bei kwa ajili ya sikukuu. Kama mna likizo moja tu ya kutumia, itumieni Juni, katikati ya wiki. Na wiki ya safari fuatilieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila siku, kwa eneo mnalokwenda na kwa milima iliyo juu yake.

Hiyo milima ya juu ndiyo inayonileta Kenya. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni hifadhi inayopendwa na familia za Nairobi kwa haki kabisa: ni ndogo, kilomita za mraba 68, na ni kati ya hifadhi chache ambako mgeni huruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala. Ndani yake kuna korongo jembamba la mawe, zuri kupita kiasi. Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikuwa humo ndani maji yalipokuja ghafla, na saba wakafa. Septemba 2019 mafuriko yakaja tena katika korongo hilo hilo, yakaua watalii wengine, na korongo likafungwa. Mvua inayojaza korongo si lazima iwanyeshee ninyi. Hunyesha kilomita kadhaa juu, kwenye mlima msiouona, huku vichwani penu kuna jua, na maji hufika yakiwa ukuta.

Kwa hiyo, kwenye kila korongo, kila mto na kila maporomoko, fundisheni watoto dalili hizi mpaka wazikariri: maji yaliyokuwa meupe yakianza kuwa na rangi ya udongo, vijiti na majani vikianza kuelea kwa wingi, sauti ya mto ikibadilika, jiwe mlilokuwa mnaliona likifunikwa. Yeyote akiona moja kati ya hayo, hata kama ni kitinda mimba, apige kelele, na wote mpande juu kwanza, maswali baadaye. Msifuate mto kukimbia, pandeni ubavuni. Mkiwa kwenye vidimbwi vya Sanje, oga pale tu mwongozaji aliposema, ingia kwa miguu, usiruke kamwe, na mtu mzima mmoja abaki nguo kavu, macho kwa watoto, simu mfukoni. Mawe ya karibu na maporomoko huwa na ukungu wa kijani usioonekana ukilowa; usimsogeze mtu ukingoni kwa ajili ya picha. Waambieni watoto mapema kwamba picha ya ukingoni haitapigwa, ili pale juu kusiwe na mjadala.

Mtoto mwenye seli mundu anaweza kufurahia msitu, ila lazima aongee na kliniki yake kwanza. Baridi, upungufu wa maji na kuchoka kupita kiasi ndivyo vinavyomwamshia maumivu, kwa hiyo apangiwe njia fupi ya chini, nguo za joto hata Juni ya Morogoro, maji kila nusu saa, na asiogeshwe kwenye vidimbwi vya baridi. Mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni mwa mzazi anayetembea naye, siyo kwenye begi lililotangulia. Kila familia ibebe pakiti za ORS. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nguo za bluu iliyoiva na nyeusi huita mbung'o, hivyo mkipitia Mikumi vaeni za rangi ya khaki. Suruali ziingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Akiumwa mtu na nyoka, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza: mlazeni, mguu ulioumwa usitikisike, mvueni pete na viatu kabla ya kuvimba, na apelekwe hospitali kwa kubebwa.

Wapo watakaoona haya yote ni kazi nyingi na kuamua kulipia vifurushi vinavyotangazwa mitandaoni wakati wa Pasaka na Saba Saba. Vingi ni vya watu waaminifu na vinashusha bei kwa kuwa basi hujaa. Lakini omba kuona leseni ya biashara ya utalii, ambayo wengi huiita TALA, lipa kwenye akaunti ya kampuni na si namba ya simu ya mtu binafsi, na uliza swali moja linalofichua mengi: kundi la watu wangapi lina waongozaji wangapi? Nikiambiwa watu arobaini na mwongozaji mmoja, na watoto wamo, siendi.

Fedha ziandaliwe kwa kibubu. Jumlisheni nauli, ada, mwongozaji, malazi na chakula, ongezeni sehemu ya kumi kwa dharura, kisha gawanyeni kwa miezi iliyobaki. Mtoto anayetumbukiza shilingi mia mbili zake kila Jumapili huanza safari Januari. Siku moja kabla ya kuondoka, andikeni karatasi: mnapokwenda, mtakapolala, jina na simu ya mwongozaji, saa ya kugeuka, na saa ambayo mkiwa hamjapiga simu ndugu aanze kuwatafuta. Mwachieni shangazi au mjomba asiyesahau. Humo andikeni pia 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji.

Mkirudi nyumbani, fueni viatu kwa maji bila sabuni ya unga na vianikeni kivulini, visikaukie juani. Kagueni watoto kwapani, nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya magoti kama kuna kupe. Kisha kwa wiki nne hadi sita, homa yoyote ya mtu yeyote aliyekuwa safarini isitibiwe kwa panadoli na kusubiri. Bonde la Kilombero lina malaria, na nayo hujitokeza baada ya siku saba au zaidi, wakati kila mtu ameshasahau. Mpelekeni akapimwe siku hiyo hiyo, na jambo la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba mlikuwa Mang'ula, na tarehe mliyorudi.